BOOM LIMETOKA!! (hapana, soma kwanza)

Nimepotea kidogo, test zilikuwa zimebana na kimbweta changu nacho kimevamiwa na mwaka wa kwanza... ila nipo, mzima kabisa. Leo nataka tuongee biashara. Najua mtacheka, mwalimu mtarajiwa na biashara wapi na wapi, lakini nisikilizeni.

Juzi kati ilizunguka linki kwenye magrupu karibu yote ya madarasa: "BOOM LIMETOKA, ANGALIA JINA LAKO HAPA". Kwa nyie mliomaliza chuo na kusahau maisha, boom ni ile hela ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, na kipindi hiki cha katikati ya semista watu wanaishi kwa uji na ndizi. Jamaa wa chumba cha jirani akabonyeza. Ukurasa umechukua karibu dakika nzima kufunguka, tangazo juu, tangazo chini, jingine likarukia katikati, ukilifunga linafunguka la kubeti. Habari yenyewe? Maelezo ya namna ya kuomba mkopo, ya mwaka juzi, yamenakiliwa mahali. Hakuna majina, hakuna boom. Bando lake likaishia hapo. Mwingine wa chini hata hakusoma, aliona kichwa cha habari tu akaondoka zake kwenda ATM. Alirudi kwa miguu, maana nauli aliyokuwa nayo ilikuwa ya kwenda tu.

Watu wametukana kwenye magrupu mpaka CR akafunga grupu. Mimi nikabaki na swali moja: hivi aliyeandika kile kichwa cha habari kaingiza shilingi ngapi?

Swali lenyewe halikuwa la umbea. Kuna wenzangu watatu darasani wanataka kuanzisha ukurasa wao wa mambo ya elimu kwa Kiswahili, wananiuliza kila siku "hela inatokea wapi?" Nikaona nijibu hapa hapa ili na wengine mfaidike au mnipinge.

Haya. Njia inayojulikana na wengi ni matangazo ya Google AdSense, yaliyoanza mwaka 2003. Unabandika kipande cha msimbo kwenye ukurasa wako, Google inaleta matangazo, mtangazaji analipa, wewe unapata mgao wako. Mgao uliotangazwa kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 68, na hela haitumwi mpaka ifike dola 100. Bei ya kila tangazo inapatikana kwa mnada, na mnada huo haujali wewe umekesha siku ngapi ukiandika. Unaangalia anayesoma ni nani, yuko wapi, na wafanyabiashara wangapi wanamgombea. Msomaji wa New York anagombewa na benki, bima na wauza magari. Msomaji wa Mbagala anayesoma kwa Kiswahili hana wa kumgombea kiasi hicho. Tena kwa miaka mingi Kiswahili hakikuwemo kabisa kwenye orodha ya lugha za AdSense, kimekuja kuingizwa baadaye.

Sasa piga hesabu na mimi. Tuseme, kwa mfano tu, ukurasa unaingiza dola 1 kila unapofunguliwa mara 1,000. Ili ufikishe zile dola 100 za kutumiwa, ufunguliwe mara 100,000. Mara laki moja! Chuo chetu hakina watu laki moja hata ukihesabu paka wa kafeteria. Basi unaandika neno ambalo mwanafunzi yeyote wa Tanzania mwenye njaa hawezi kulipita, unaweka alama za mshangao mbili, unarusha kwenye magrupu. Yule jamaa sidhani kama ana roho mbaya kuliko wengine. Amepiga hesabu, na hesabu imemtuma kudanganya.

Na wala siyo mambo mapya. Mwaka 1833 kule New York jamaa mmoja Benjamin Day alianzisha gazeti la The Sun (siyo lile la Uingereza). Magazeti mengine yalikuwa yanauzwa senti 6, yeye akauza senti 1. Alichokuwa anakiuza hasa ni umati wa wasomaji, anawauzia wenye matangazo. Agosti 1835 gazeti hilo likatoa mfululizo wa makala kwamba mwanasayansi John Herschel ameona viumbe mwezini kwa darubini kubwa, wakiwemo watu wenye mabawa kama ya popo. Uongo mtupu, na watu wakanunua. Utasema gazeti lilikufa kwa aibu? Thubutu! Liliendelea mpaka mwaka 1950.

Kwa hiyo sitawadanganya wenzangu kwamba mwongo hali. Anakula. Ila kuna tofauti moja kati ya Benjamin Day na huyu wetu wa boom. Day alikuwa na watoto wanaouza gazeti lake mtaani kila asubuhi wakilitaja kwa jina. Njia ya kumfikia msomaji ilikuwa mkononi mwake. Huyu wetu njia siyo yake, ni ya Facebook, ya Google, ya WhatsApp.

Waliokuwa wanauza chakula Ubungo wanaelewa hii lugha. Mwaka 2021 mabasi ya mikoani yalihamia Mbezi. Kama wateja wako walikuwa ni abiria wanaosubiri basi, basi wateja wameondoka na basi.

Huko Marekani yaliwakuta wengi. Kulikuwa na tovuti inaitwa LittleThings, ya habari tamu tamu, watoto na wanyama na wema wa binadamu. Wasomaji wake walitoka Facebook. Januari 2018 Facebook wakatangaza kubadilisha utaratibu wao, machapisho ya ndugu na marafiki yapewe nafasi kuliko ya kurasa za kampuni. Februari mwaka huo huo LittleThings ikafungwa, mkuu wake akasema mabadiliko yale yamekata karibu robo tatu ya watu waliokuwa wanawajia bure. Mwezi mmoja! Na BuzzFeed News, ambao walikuwa waandishi wa kweli, walishinda tuzo ya Pulitzer mwaka 2021, nao walifungwa 2023. Mamilioni ya watu walikuwa wanawasoma. Wangapi walikuwa wanaamka asubuhi wakisema ngoja nikawaangalie BuzzFeed News leo wameandika nini?

Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Kwenye Saikolojia ya Elimu tulisomeshwa Skinner na njiwa wake (wale mliodesa mtihani ule mtakuwa mmesahau, teh teh). Njiwa akipewa punje kila anapodonoa, ukiacha kumpa anaacha kudonoa mapema. Ukimpa kwa kubahatisha, mara leo mara kesho, atadonoa sana na hataacha upesi. Sisi na boom ndivyo tulivyo. Mara tisa linki ni uongo, ya kumi inakuwa kweli, basi tutabonyeza mpaka tumalize digrii. Ndiyo maana watu wanaosema "wakidanganya watakosa wasomaji" nawaona kama hawajakaa hosteli.

Lakini fanya jaribio hili. Muulize yeyote aliyebonyeza ile linki: ukurasa ule unaitwaje? Nimeuliza watu sita chumba kwa chumba. Hakuna hata mmoja anayelijua jina lake. Tunarudi kwenye neno "boom", haturudi kwa mwandishi. Na mtu ambaye jina lake halijulikani hawezi kukuomba kitu. Hawezi kukwambia nichangie buku, hawezi kukuuzia kitabu, hawezi hata kukuomba usubiri mpaka kesho. Amebaki na kliki, na kliki inalipa vile nilivyoonyesha hapo juu.

Sasa geuza upande wa pili. Mnaijua hii ya hadithi za WhatsApp? Room mate wangu ni mgonjwa nazo. Mwandishi anaweka sehemu ya kwanza mpaka ya kumi bure Facebook, kila siku saa mbili usiku, haruki. Sehemu ya kumi inaishia mwanamke anafungua mlango na anayemwona nje ni marehemu mumewe... ITAENDELEA. Anayetaka kuendelea analipa shilingi 1,000 kwa simu, anaingizwa kwenye grupu. Room mate wangu, ambaye ananidai mia tano ya chumvi tangu mwezi wa tatu na ananikumbusha kila siku, huyo huyo analipa buku bila kulalamika!

Hawa waandishi hawajaanza wao. Magazeti ya Eric Shigongo yaliwalea wazazi wetu kwa hadithi za kuendelea, watu wananunua gazeti ili wajue nani kafa. Kilichobadilika ni kwamba zamani ulihitaji mtambo wa kuchapa na gari la kusambaza, na leo unahitaji simu na namba ya M-Pesa, ambayo Tanzania tunayo tangu 2008. Hela inatoka kwa msomaji inaingia kwa mwandishi, hakuna mnada katikati. Kama wamelipa 300, ni laki tatu kabla ya makato. Rudi uangalie hesabu ya AdSense uone ni mara ngapi ukurasa ungefunguliwa ili ufike huko.

Kuna Mmarekani anaitwa Kevin Kelly aliandika mwaka 2008 kwamba msanii hahitaji mamilioni ya watu, anahitaji mashabiki wa kweli 1,000, kila mmoja akitumia dola 100 kwa mwaka kwake. Dola 100 kwetu ni kodi ya chumba. Lakini badilisha: watu 1,000, buku moja moja kwa mwezi. Ni milioni moja kwa mwezi. Wenzangu wa ualimu, mnajua wenyewe mshahara wa kuanzia ukoje, sisemi zaidi.

Nimewachunguza hawa wa hadithi kama TP vile, na daftari. Wanachofanya ni vitu vidogo. Saa haibadiliki. Wasomaji wanaitwa majina: "Mama Junior wa Tabata usilie, kesho atapona". Mwandishi akiumwa anaaga. Akigundua mtu kasambaza sehemu za kulipia kwenye grupu jingine, anasema wazi, na wasomaji wenyewe ndio wanaomkamata mwizi na kumtoa. Fikiria hilo: mteja analinda duka! Umewahi kuona mtu analinda tangazo la AdSense?

Ankal Michuzi alilifahamu hili zamani. Alipoanza blogu yake mwaka 2005 alituita wasomaji "wadau", na wasomaji wakamwita Ankal. Ukimwita mtu mjomba umeshakuwa wa ukoo. Wabongo wa ughaibuni walikuwa wanaingia pale kama mtu anayepita kwao kusalimia. Na zile blogu kubwa za enzi hizo zilikuwa na mabango ya kampuni za hapa hapa, yaliyouzwa moja kwa moja kwa mwenye bidhaa. Kwa hiyo msinielewe vibaya, mimi sipingi matangazo. Duka la vitabu likikulipa liwekwe kwa mwezi kwenye ukurasa wa walimu, chukua. Ninachopinga ni lile la kubeti linalokulipa kwa kila mwanafunzi anayejiunga kwa kodi yako. Hapo unakula boom la wenzako, na safari hii limetoka kweli.

Kuna rafiki yangu wa Uchumi alinipinga: "Acha hizo, Wabongo hawalipii kusoma." Nikamwuliza desa la pale steshenari anapewa bure? Past paper za miaka mitano anapewa bure? Tunalipa kila wiki kusoma, tena karatasi zenyewe zimefifia hazionekani. Tunalipa kwa sababu tunamjua mzee wa steshenari, tunajua hajawahi kuuza past paper ya kozi nyingine akaiita ya kwetu.

Akaja na hoja ya pili, na hii ilinibana: mbona New York Times wanafunga makala zao na wanatajirika, kwa nini tusifunge na sisi? Ni kweli, New York Times walianza 2011, makala 20 bure kwa mwezi halafu unalipa, na mwaka 2023 walivuka watu milioni 10 wanaolipia. Lakini ukichungulia ndani, wengi wanalipia mambo mengi pamoja: habari, mapishi, michezo ya maneno. Wordle wenyewe waliununua mwanzoni mwa 2022. Wana Kiingereza kinachosomwa dunia nzima na wasomaji wenye kadi za benki. Ukiiga ukuta wao bila nyumba yao utabaki na ukuta katikati ya shamba.

Ninaowaona wa karibu nasi zaidi ni Daily Maverick wa Afrika Kusini. Makala zao hazifungwi, na tangu 2018 anayetaka anajiunga uanachama kwa kiasi anachoweza. Mwenye uwezo analipia na asiye nacho anasoma. Na kuna somo kutoka Uholanzi: gazeti la mtandaoni De Correspondent lilianza 2013 kwa michango ya wasomaji, zaidi ya euro milioni moja, bila matangazo, na likasimama. Wakaona waende na Kiingereza. Mwaka 2018 wakachangisha dola milioni 2.6 kwa ajili ya The Correspondent, wanachama zaidi ya 45,000 kutoka nchi zaidi ya 130. Walijitoa mwisho wa 2020, wakafunga. Waholanzi walikuwa wanajua wanaandikia nani. Mtu wa nchi 130 ukimwandikia habari ya mvua utaanzia wapi? Nawaambia wale watatu, msijaribu kuandikia "Afrika Mashariki nzima". Anzeni na mwalimu wa Kiswahili wa sekondari ya kata, kidato cha pili, ambaye kesho saa mbili ana kipindi cha ngeli na hana kitabu.

Suala la gharama nisilipite. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, leseni milioni moja kwa mwaka ukiacha ada ya maombi, na wengi wadogo wakasimama. Hata JamiiForums walizima mitambo kwa muda mwezi Juni mwaka ule. Ada zilishushwa baadaye, lakini kabla hamjaanza nendeni mkasome kanuni za sasa. Na mjue kwamba kila gharama ya kuanzia inamsukuma mwenye ukurasa kwenye kliki, maana anataka hela yake irudi upesi.

Sasa langu. Mimi naona habari kama ya boom lazima iwe bure na iwe kweli, hata kama inasema "bado". Mkitoa ukurasa wa elimu, kila Jumatatu asubuhi andikeni mstari mmoja: boom halijatoka, tumeangalia kwenye akaunti zetu wenyewe na kwenye tovuti ya Bodi. Halitawaingizia senti. Lakini baada ya semista moja, linki ya uongo ikirushwa kwenye grupu, mtu atasema "subirini tuone wale wamesemaje". Siku hiyo ndiyo mna kitu cha kuuza. Maazimio ya kazi, maswali ya mazoezi yenye majibu, mambo hayo mwalimu atalipia buku mbili kwa furaha, kwa sababu anawajua.

Kinachoniogopesha kwenye mpango huu ni mitihani. Mwandishi wa hadithi hana UE. Msomaji akishalipia mwezi, hataki kusikia una sup mbili. Mmoja wao anasema waandike maazimio ya semista nzima kabla ya kuchukua hela ya mtu hata mmoja, mwingine anasema waanze kwa kulipisha kwa kila kipande ili wasidaiwe mwezi. Mimi niko na wa kwanza. Nyie mnaoendesha vikurasa huku mnasoma, mnafanyaje wiki ya UE? Niandikieni, jioni nitapita kusoma. Sasa hivi nina kipindi cha saa nane na mwalimu wetu akishafunga mlango hafungui.